Nilimcheka Dada Ufukweni, Mama Akaghairi Safari

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsukumia. Mdomo wangu ndio ulioniponza, mdomo na simu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Euless, Marekani, napakia mizigo uwanja wa ndege. Kazi inavunja mgongo, ila ina neema moja: ndege ikiwa na nafasi, unapanda bure. Mwezi wa tano nikapanda, nikaenda Uingereza kumwona dada yangu mkubwa.

Dada anahudumia wazee kwenye mji mmoja wa pwani, ile pwani ya Waingereza ya tangu zamani. Makaratasi yake hayajakamilika, akitoka nchini humo kurudi ni majaliwa. Hajamwona mama miaka mingi. Kwa hiyo alimwombea mama viza, ikatoka, na mama kule Tanga alikuwa amebakiza kufunga sanduku tu.

Dada akanipeleka ufukweni kwa fahari zote. Jamani, ule ufukwe. Bahari yenyewe imetoroka, imebaki mstari kule mbali. Wazee wamejifunika mablanketi kwenye viti vya turubai, wanaota jua ambalo halipo. Watoto wamepandishwa punda na wazazi wanapiga picha. Shakwe akaja akaninyang'anya chipsi mkononi, hata aibu hana.

Nikashindwa kujizuia. Nikawasha video kwenye grupu la familia, nikajifanya mtangazaji.

"Wapendwa, Ulaya ndiyo hii. Bahari imeenda likizo. Punda tuliowaacha Tanga wanabeba mchanga, huku ni burudani. Mama, njoo na majaketi matatu, na ukifa tusilaumiane."

Grupu zima likacheka. Dada alikuwa amesimama pembeni, ameshika pakiti ya chipsi alizoninunulia.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi hapa ndipo ninapoishi."

"Aah dada, usi-take serious. Ni jokes tu."

Jioni mama akapiga. Katika maneno yangu yote, lililomwingia ni lile la kufa. "Mwanangu, baridi hiyo mimi siiwezi. Nitarudishwa kwenye jeneza." Dada alimweleza kwamba ndani kuna hita, kwamba kitanda ameshamtandikia. Alimweleza huku analia. Mama akagoma.

Viza ya Marekani anayo tangu mke wangu alipojifungua, basi akaja kwangu. Sasa anashinda sebuleni Euless anatazama parkingi. Mimi niko zamu, mke wangu zamu, wajukuu wanamjibu Kiingereza. Siku moja akaniuliza bahari iko wapi. Nikamwambia Galveston, kwa gari ni kama Tanga hadi Dar. Akasema, "Kumbe mwenzio anaishi mlangoni kwa bahari."

Dada hapokei simu zangu. Akimpigia mama kwa video, nikitokeza kichwa tu anakata. Inaniuma, sitadanganya.

Nimembembeleza mama aende Uingereza, nikaapa kwamba nilikuwa natania. Akanitazama. "Wewe nitajuaje ni lini hutanii?" Wiki iliyopita viza yenyewe ya Uingereza imeisha muda.

Wenzangu mlioko ughaibuni, ndugu akikutembeza kwake, hata akikuonyesha dimbwi, lisifie. Huenda hilo dimbwi ndilo kitu pekee alichonacho cha kumwonyesha mama yake.