Firigisi ya Jana

Jumanne nilikuwa kwa naibu chifu kutafuta barua. Ndani nikakuta mwanamume ameshtakiwa na jirani kwamba amemla jogoo wake. Aliapa, mkono juu: "Kuku sijaonja tangu Krismasi."

Jirani alikuwa amejitafutia mpelelezi, mama anayeuza mandazi pale nje, unga ungali mikononi. Mama alipangusa vidole polepole, akasema, "Pole, baba. Nasikia jana kwako firigisi ya mwenye nyumba alipewa shemeji yako."

Mshtakiwa akasimama. "Nani amesema? Kwangu firigisi nakulanga mimi. Hata hiyo ya jana nilikula mimi."

Mama akarudi kukaanga mandazi. Mwanamume wa kwetu atamkana jogoo mzima, manyoya na miguu, lakini firigisi hamwachii shemeji, hata kwa maneno tu.