Mtoto wa Masikio

Mimi ni mwalimu wa kinanda mwenye hasira za karibu, na kazi yangu yote naifanyia sebuleni kwangu Bakoba, mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Wanafunzi wangu ni watoto wa miaka mitano hadi tisa. Wako Mwanza, wako Dar es Salaam, mmoja yuko Muleba. Kabla sijampokea mtoto humuuliza mzazi maswali kumi, ili nijue mwanawe anajifunza kwa njia gani. Yupo wa masikio, anayeushika wimbo kwa kuusikia. Yupo wa macho, anayetaka kuona. Yupo na wa mikono, asiyeelewa kitu mpaka akiguse. Halafu somo nalikata kwa kipimo chake, kama fundi cherehani. Wazazi wanalipenda sana jambo hili, na mimi nilikuwa nikijisifu kwamba sijawahi kukosea.

Huyu wa Muleba ni mjukuu wa mama mmoja ninayemheshimu kama mzazi wangu. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tuliimba kwaya pamoja, tukajifunza kinanda kwa mwalimu mmoja, mimi nikihangaika na noti kwenye karatasi, yeye akiusikia wimbo mara moja na kuupiga. Nilimwonea wivu, na nilimpenda. Aliugua wiki tatu akafariki, akaacha mtoto wa miaka miwili. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba, hatua chache kutoka dirisha la sebule. Baada ya msiba nyumba nzima ilianza kumwita mtoto kwa jina la mama yake, ili jina lisipotee. Jina lake mwenyewe, la ubatizo, likabaki kwenye cheti na kwenye daftari la shule.

Alipofika miaka saba mjomba wake alimletea kinanda kidogo, na bibi akanipigia simu. Nikamuuliza maswali yangu. Akisikia wimbo mpya anafanya nini? Bibi akajibu bila kufikiri kwamba anasimama pale pale, hata kama ana sufuria mkononi, mpaka wimbo uishe, kisha anauimba wote. Anakumbukaje mambo? Kwa sauti. Ukizungumza naye leo, kesho atakuigiza mpaka kikohozi chako. Nyimbo anazitoa wapi? Kwenye redio, akiwa mlangoni mwa jikoni, na ndizi alizotumwa kumenya zinamsubiri. Bibi alicheka aliposema hayo, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Maswali ya dakika kumi yalichukua saa nzima. Mwishoni nikaandika kwenye fomu: wa masikio.

Ningekuwa na akili siku ile ningekumbuka kwamba redio ya nyumba ile ilikufa kabla mtoto hajazaliwa. Nililijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa nafurahi, na mtu anayefurahi hachunguzi.

Basi nikamfundisha kwa masikio. Nilifunika kamera kwa kitambaa ili asione kitu, nikapiga mistari miwili, nikamwambia arudie. Akakosea. Nikapiga tena, akakosea pale pale. Ikawa hivyo kila Jumanne na Ijumaa, akitoka shule, kwa miezi mitatu. Nilipandisha sauti zaidi ya mara moja. Siku moja nilimwambia kwamba mama yake angeushika wimbo ule kabla sijaumaliza. Naandika maneno haya kwa aibu, lakini niliyasema. Hakulia. Alikaa tu, mikono mapajani, na nyuma yake dirishani niliona migomba na kona ya kaburi lenye vigae vyeupe.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Mtandao wa kule hukatika, na ukikatika picha huganda. Uso wa mtoto ukiganda, macho yakiwa chini na kichwa kimeinama kidogo kushoto, alikuwa rafiki yangu mtupu. Mara ya kwanza nilishtuka mpaka nikasimama. Mara ya pili nilibaki nimekaa, nikimtazama. Ningeweza kukata na kupiga upya, ndivyo ninavyofanya kwa wanafunzi wengine, lakini nilimwacha pale kiooni. Nikaanza kumpa habari za kwaya: nani kaolewa, nani kahama, nani siku hizi anapiga kinanda ovyo kwenye misa ya pili. Ghafla picha ikajongea.

"Mwalimu, unaongea na nani?" mtoto akauliza.

Nikasema naongea na jirani. Tangu hapo nikawa naiogopa siku ya somo, na papo hapo naingoja. Mvua ikinyesha na mtandao ukawa mbaya, nilisogeza kiti karibu na simu. Nilianza kutamani picha igande.

Ijumaa moja bibi alikuwa nje anageuza kahawa iliyoanikwa. Mtoto akakosea pale pale anapokosea siku zote, nami nikavuta pumzi nimfokee. Akaniwahi.

"Mwalimu, anayesikia ni mama. Mimi nikisikia tu, nasahau."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema siku ile ya maswali alikuwa amekaa karibu na bibi, akasikia yote, na hakuna jibu hata moja lililokuwa lake. Redio hajawahi kuwa nayo. Alingoja bibi amalize habari za mama aseme na habari zake, lakini bibi alimaliza akaaga. Alieleza hayo bila kulalamika. Kisha akauliza lile alilokuwa nalo moyoni muda wote.

"Nikijua kupiga, mtaniita jina langu?"

Miezi mitatu nilikuwa namwita kwa jina la mtu niliyemtupia udongo kwa mkono wangu, na kila nilipolitamka nilisikia utamu. Nikamwita jina lake la ubatizo. Lilinitoka kwa shida. Nikarudi kwenye swali la kwanza, safari hii nikimuuliza yeye, na yeye akajibu taratibu, akifikiri. Kusuka kikapu alijifunza kwa kutazama vidole vya bibi. Wimbo asiouona haumkai. Nikaondoa kitambaa, nikaielekeza simu kwenye mikono yangu, tukaanza na vidole vitatu. Hakushika haraka, lakini lile kosa lake halikurudi.

Jumamosi nikaenda Muleba. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, kwa sababu nilimkasirikia bibi. Nilitaka kuwa na mtu wa kumkasirikia. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, nikatafuna mbili tatu, nikamwambia kwamba majibu yale hayakuwa ya mtoto. Nilitegemea atasema uzee umemchanganya. Hakusema hivyo.

"Nilijua," alisema. "Waitu, mwanangu, tangu tumzike hakuna mtu aliyeniuliza habari zake. Wewe ukaja na maswali kumi."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Miaka mitano nilikuwa nakuja nyumba ile kila Krismasi, naongea habari za mvua na za migomba, nampita rafiki yangu pale nje, sithubutu kumtaja. Nilidhani namhurumia mama yake, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nikamweleza kwamba mtoto anataka jina lake. Akasema akiliacha lile jingine hakutakuwa na mtu wa kuitwa hivyo tena katika nyumba ile, na binti yake atakuwa ameondoka kweli. Nikasema ndiyo, atakuwa ameondoka. Sikuwa na faraja ya kumpa, maana hata mimi nilikuwa nataka abaki.

Mtoto alitoka chumbani, akakaa kwenye kinanda chake, akatupa mgongo. Alipiga wimbo mmoja mfupi. Vidole vilikuwa vimekakamaa, macho hayabanduki mikononi, midomo inahesabu. Nilimtafuta rafiki yangu katika kila mstari. Hakuwepo. Hakukuwa na kitu chake hata kimoja katika muziki ule, na uchungu ulinipata upya, uchungu wa siku ya maziko, nikashika ukingo wa kiti nisipige kelele. Bibi alikuwa amesimama kando yangu, naye anasikiliza. Niliona anatafuta kama mimi, na niliona alipoacha kutafuta.

Wimbo ulipoisha akamwita mtoto kwa jina lake la ubatizo. Mtoto hakugeuka, hakuwa amezoea kulisikia kwa sauti ile. Bibi akaliita tena.