Nilivyomjibu Mzee Chilewa stejini wakati alikuwa anaongea na nafsi yake

Wakuu, habari zenu. Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Naandika polepole, mnivumilie.

Haya yamenitokea kweli, sijaongeza chumvi. Nikiyakumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Niko Makutupora, nafanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu. Shule niliishia darasa la saba. Mwaka huu nikajiunga na masomo ya jioni ya watu wazima, tunasomea kwenye ukumbi wa kanisa.

Tukafika kwenye tamthilia. Mwalimu wetu, Mwalimu Neema, akasema hizi mbinu hatutazielewa kwa kukariri, bora tuigize wenyewe. Akatunga mchezo mfupi.

Mchezo ulikuwa hivi. Baba kauza shamba la zabibu kwa siri. Usiku, mwanawe akiwa amelala, baba anasimama na kuyasema yaliyo moyoni. Hiyo inaitwa uzungumzi nafsia.

Asubuhi kijana anakwenda kulipogoa lile shamba kwa furaha. Watazamaji wanajua limeuzwa, yeye hajui. Hicho ni kinaya. Mwalimu alisema hapo watu watalia.

Baba aliigizwa na Mzee Chilewa. Ndiye mkubwa kuliko wote darasani, na watoto wake walikuwa wanamcheka, eti anasoma ili akaombe kazi gani. Maneno yake marefu aliyakariri huku akipalilia. Alitaka kitu kimoja tu, wanawe waje wamsikie akiyasema yote mpaka mwisho.

Mwana niliigiza mimi.

Mwalimu aliniuliza, "Uzungumzi nafsia umeuelewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa. Wenzangu walikuwa wameshaandika maelezo yote, mimi bado niko kwenye kichwa cha somo. Niliona aibu kuuliza. Na siku za mazoezi ya sehemu ile sikuwepo, yalikuwa mavuno, kwa hiyo mzee alifanya na mkeka mtupu.

Hapa niseme kidogo. Nyumbani kwetu mtu mzima akiuliza kitu na wewe uko karibu, unaitika. Hata kama umelala. Ukikaa kimya ni dharau, na mama hana mchezo na dharau.

Basi siku ikafika, Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa. Watoto wa mzee walikaa benchi la mbele, yule mkubwa anachezea simu.

Nikalala kwenye mkeka, macho nimefumba. Mzee akaanza. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Ukumbi wote ukatulia. Nikachungulia kidogo, nikaona hata yule wa simu ameiweka chini.

Mzee akafika pale anaposema, "Shamba nimeliuza. Na mwanangu ndiye aliyelilea. Sasa nitamwambia nini?"

Akanyamaza. Akageuka upande wangu.

Wakuu, nikainuka nikakaa. Nikasema, "Naam, baba. Nimesikia. Usiwe na wasiwasi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee alibaki ananitazama, na maneno yote yaliyobaki yakampotea. Mwalimu akawa ananong'ona kutoka pembeni, "Lala, lala." Nikalala tena. Wakacheka zaidi.

Ikaja ile ya asubuhi. Naingia na mkasi wa kupogolea, napiga mluzi kama nilivyofundishwa. Mtu akasema kutoka nyuma, "We kijana, si umeshaambiwa limeuzwa? Unampogolea nani?"

Mama mmoja akamjibu, "Mwache, kaajiriwa na mnunuzi."

Mahali pa kulia, watu wakashika mbavu. Yule mwana mkubwa wa mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Mzee alikuwa ameketi pembeni ya jukwaa, kofia mkononi, anaangalia sakafu.

Wiki iliyofuata hakuja darasani. Nikamfuata shambani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kujibu tena?"

Nikaanza kuomba msamaha. Akaniuliza, "Siku ile ulidhani naongea na nani?"

"Na mimi, mzee."

"Nani alikufundisha usimwache mtu mzima na swali lake?"

"Mama."

"Mama yako kakufundisha vizuri. Mwalimu ndiye hukumsikiliza." Akaweka mkasi chini. "Lala hapo. Fumba macho."

Nikalala kwenye udongo, katikati ya mizabibu. Akayasema yote kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye lile swali alinyamaza muda mrefu kuliko siku ile. Naam ilinijia mpaka kwenye meno. Nikauma mdomo.

Akaendelea, kwenye maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Yanaishia hivi: "Kutakucha, atachukua mkasi wake, nami nitamtazama tu akienda."

Hapo ndipo nikaelewa. Niko pale, lakini yeye yuko peke yake.

Akaokota mkasi, akaendelea kupogoa.

Kinachoniuma mpaka leo, waliotakiwa kuyasikia ni watoto wake. Nimeyasikia mimi.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Aibu yake ingekuwa yangu peke yangu, ingeishia darasani.

Mliosoma tamthilia, nielezeni taharuki kwa maneno mepesi. Jumatatu mwalimu atauliza nani hajaelewa, na nimepanga kunyoosha mkono. Na kama nawe umewahi kumharibia mtu siku yake kwa kuitikia ndiyo tu, andika hapa chini. Nitasoma zote, hata kama polepole.