Bega la Kastori

Mgongo wa Kastori ulikwisha zamani, ila mwenyewe hakutaka kuambiwa. Alikuwa na miaka sitini na saba, na kila asubuhi ungemkuta penye soko la Gitega, Burundi, ameinamisha shingo, akitwishwa mfuko wa saruji wa kilo hamsini aupandishe kwenye lori. Wapakizi wenzake wangeweza kuwa wajukuu zake, na haya hawakuwa nayo. Walimwita Mtanzania, ingawa alizaliwa papa hapa, Bugendana, na kukimbizwa Tanzania akiwa mdogo. Aliporudi kutoka ukimbizini, binamu zake walikuwa wameshalila shamba la baba yake lote, na hakuna aliyemwuliza atakula nini.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: apewe kamba. Kati ya wapakizi kuna mtu mmoja asiyebeba. Yeye hungoja lori lijae, akapanda juu na kuufunga mzigo. Kwa Kastori hiyo haikuwa cheo, ilikuwa uhai wake. Jioni mkewe Letisia alimkanda kwa maji ya moto, na siku nyingine alishindwa kuinuka mkekani bila kushikwa mkono.

"Shefu, mimi kamba nazijua," alimwambia Fredi, kiongozi wao. "Nimekuwa baharia wa tanga Ujiji miaka kumi na minane."

"Ujiji iko mbali, mze," Fredi akajibu, na wenzake wakacheka. "Huku hakuna ziwa. We beba tu, ukichoka urudie kwenu Tanzania."

Ubaharia wake wenyewe haukuwa wa kujivunia. Katika mashua zile za tanga, mtu alikuwa kuli na baharia kwa wakati mmoja. Alibeba chumvi na magunia ya dagaa majini hadi kifuani, kisha akakesha akichota maji yaliyovuja chomboni. Nahodha wake, Juma, alifundisha kwa ncha ya kamba iliyolowa. Somo kubwa lilikuwa demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga. Demani haikazwi. Hufungwa kwa kitanzi, na ncha yake huachwa ikining'inia karibu, ili upepo wa ghafla ukija, mkono wowote uivute mara moja tanga liachie. Kastori aliikaza siku moja tu, akapigwa mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Baharia mwingine, Faridi, aliikaza siku ambayo upepo ulikuja kweli. Mashua ikapinduka, Faridi akabaki chini ya tanga. Juma, akiwa ameng'ang'ania ubao, alikataza mtu yeyote kumfuata. Tangu hapo mikono ya Kastori haikujua fundo jingine.

Aliyemtetea hatimaye ni Urbano, mpakizi wa Mwakiro, mtu mpole ambaye mara nyingi alimpunguzia mzee mifuko. "Mpeni kamba," aliwaambia. "Huyu mze atakufa mbele yetu, na sisi tuko tunacheka." Mfungaji wa kawaida alikuwa mgonjwa siku hiyo, na lori la Othmani, mfanyabiashara wa Muyinga, lilikuwa linapeleka saruji Mwakiro. Fredi akamtupia Kastori kamba usoni.

Kastori alipanda juu na kufunga kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Alifunga vizuri sana, kama Juma alivyomfundisha: kitanzi ubavuni, ncha ikining'inia mahali pa kufikiwa na mkono. Kichwa kingemwambia kwamba saruji si tanga. Lakini kazi ile hakuifanya kwa kichwa.

Urbano na Kastori walisafiri na lori hilo ili wakashushe mzigo. Kwenye kilima cha kuingilia Mwakiro mvua ilikuwa imelainisha barabara, na lori likalala upande mmoja mtaroni. Urbano aliruka chini kutazama magurudumu. Alipotaka kupanda tena, upande ule ule uliolala, akashika kamba iliyokuwa karibu, akajivuta. Fundo likafunguka kama lilivyotakiwa. Mifuko ikamshukia kifuani mmoja baada ya mwingine, na Kastori aliisikia yote.

Lori halikuweza kutoka. Watu wa kilimani wakaleta ingobyi, machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huibeba mabegani, wakipokezana njiani. Kwenye vilima vile kila mwanaume anayekutana nayo huweka bega lake, hata kama hamjui mgonjwa. Anayekataliwa bega lake ni adui tu.

Kastori alisogea, akaweka bega chini ya mti wa machela. Jovina, mke wa Urbano, aliyekuwa amekuja mbio kutoka nyumbani na kuambiwa ni nani aliyeomba kufunga kamba, akamsukuma kwa mikono miwili.

"Toa bega yako, mze."

"Mama, niachie nimbebe. Nakuomba."

"Si ulitafuta kupumuzika? Pumuzika sasa."

Hakuna aliyemtetea. Aliyezoea kumtetea alikuwa juu ya machela, na alikuwa anatema damu. Kastori alifuata nyuma saa mbili nzima, akilia waziwazi, huku wapita njia wasiomjua Urbano kabisa wakiitwa mmoja mmoja waje kupokea.

Urbano alikata roho wakati zahanati ikiwa imeshaonekana. Wanaume wakaigeuza ingobyi ili wamrudishe nyumbani. Mmoja wao alikuwa amechoka, akatafuta kwa macho mtu wa kumpokea. Akamwona Kastori amesimama peke yake, bega tayari. Akageuza uso, akaendelea kubeba.