Panya wa Mama Zuhura

Mimi ndiye niliyeivunja bendi yetu, na niliivunja kwa meno. Nicheke au nilie, bado sijaamua.

Redio za watu binafsi zilipoanza, tulikuwa wanne pale kijijini Mkunya: Rehema mwimbaji, Laurenti na fidla yake ya misheni, kaka yake na gitaa, mimi na gitaa la pili. Ngoma hatukuwa nayo. Muziki wetu ulikuwa wa chini chini, kama mtu anakunong'oneza siri, na ulinoga katika chumba kimoja tu: stoo ya Mama Zuhura. Ilijaa magunia ya makopa, mihogo yake mikavu ya kuuza, na magunia yale yalimeza mwangwi wote.

Tukaazima redio kaseti kwa siku moja turekodi, kaseti ipelekwe redioni Dar. Rehema akatuonya, "Hata kupumua, pumueni kwa adabu."

Sasa, ubeti wa pili mimi sipigi. Na mfukoni nilikuwa na korosho za kuchoma. Jamani, tamaa! Nikamenya, nikatafuna polepole, nikijidanganya kwamba hakuna anayesikia.

Tuliposikiliza, Rehema anaimba kwa huzuni, nyuma yake kru, kru, kru.

"Nini hicho?" Rehema akauliza.

"Panya," nikajibu upesi. "Si unaona makopa yote haya?"

Laurenti hana siri. Kesho yake gulioni, watu wakayakwepa makopa ya Mama Zuhura. Jioni akatuita stoo.

"Nani kasema kwangu kuna panya?"

Nikatazama kandambili zangu. Wenzangu waliamini panya wapo kweli.

"Basi tokeni."

Tulijaribu darasani, tukajaribu kwa kina Laurenti. Kila mahali sauti ilijaa mwangwi. Rehema alikata tamaa, akaolewa Masasi, na bendi ikafa. Iliniuma, lakini sikusema.

Miaka imepita. Juzi nikaenda kwa Mama Zuhura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua. Maganda ya korosho niliyafagia mimi, pale ulipokaa. Nilitaka useme mwenyewe, niwarudishe. Wiki nzima stoo sikuitia kufuli, nakusubiri."

Nililia mbele yake kama mtoto.

Ndugu msomaji, ukikosa, kaseme siku hiyohiyo. Huenda uliyemkosea ameshakusamehe, anangoja ubishe hodi tu.