Nesi Tena na Mkono wa Mwanangu

Nesi wa wodi ya watoto tulimpachika jina Tena. Ukimaliza kumweleza mtoto wako alivyoumia, yeye anachovya biskuti kwenye chai na kusema, "Nieleze tena, mama." Tulimcheka sana. Huyu akialikwa harusini atamhoji bwana harusi mara tatu alimpatia wapi bibi harusi.

Mimi nilifika na kitindamimba wangu, mwaka mmoja na nusu, mkono umevunjika. Nikasema ameanguka kitandani.

Tena akamvua nguo zote. Akamgeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni: nyuma ya masikio, ndani ya midomo, mgongoni, makalioni, mpaka nyayo.

"Nesi, chawa hatuna," nikamwambia.

"Ningeshawaona. Natafuta alama. Mtoto anayejifunza kutembea huchubuka magoti na paji la uso. Masikio na mgongo ni nadra. Haya, nieleze tena. Hicho kitanda kina urefu gani?"

Nikamwonyesha gotini. Akaandika.

Alasiri wifi yangu akaleta uji. Kabla hatujasalimiana, Tena akamwita pembeni. Na wifi yangu mdomo wake hauna kufuli. Nilimsikia kutoka kitandani. "Si ile meza ya cherehani! Mama yake alimsimamisha pale ampime shati, simu ikalia."

Tena akarudi, akakaa karibu yangu. "Mama, sasa nina watoto wawili. Mmoja kaanguka kitandani, mwingine mezani. Nimpeleke yupi kwa daktari?"

Nilishasikia wodini kwamba maelezo yakigongana, mtoto haondoki na mama yake mpaka watu wa ustawi wa jamii waridhike. Nami mtaani naitwa Mlinzi. Mwenzangu akimwacha mtoto karibu na ndoo ya maji, namfokea mpaka majirani wanachungulia. Ningekirije kwamba mimi ndiye niliyempa wangu mgongo?

"Mezani," nikasema, na machozi juu. "Nilipokea simu. Niliona aibu, nesi."

"Aibu haijamvunja mtu mkono. Ila anayempiga mtoto naye hunitajia kitanda hichohicho."

"Kumbe ulidhani nampiga!"

"Nilikuwa sijui, ndiyo maana nikauliza. Huyu maneno anayojua ni mama na maji. Nani atamsemea?"

Nikamlisha mwanangu uji.

Kesho yake daktari alitazama picha ya mfupa, akauliza urefu wa meza, akasema vinalingana. Tukaruhusiwa. Lakini Tena hakuniachia hivihivi: aliandika tunapokaa, afisa wa ustawi aje kutuona Jumanne. Nikanuna toka wodini mpaka getini.

"Nuna tu, wifi," akasema wifi yangu, akinibebea furushi la nguo. "Mradi mtoto unaye mgongoni."