Fundo la Leso

Asubuhi ile mahamri yalikataa kuumuka, na mimi nilikuwa nimekasirika. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya moshi na bunduki. Nilisimama mlangoni mwa duka letu nikimsema aliyetuuzia hamira mbovu, naye yuko Malindi wala hanisikii. Duka lilikuwa ndani huko, kaskazini ya mji mdogo wa Adu, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mimi ni mtu wa visiwani, mwana wa nahodha. Mume wangu ndiye aliyenipeleka kule, na siku hiyo yeye alikuwa amekwenda kuleta bidhaa. Binti yetu Salma, wa miaka sita, alikuwa anachagua mchele.

Nikasikia milio. Nikadhani mtu anachoma shamba.

Jirani yetu Kahindi akaja mbio, panga mkononi.

"Mama Salma, toka! Wameingia, wana bunduki!"

"Akina nani?"

"Toka tu!"

Nilimshika Salma mkono, nikachukua leso moja na chupa moja ya maji. Jiko niliacha linawaka.

Hadi leo siwezi kukwambia kwa yakini walikuwa akina nani, maana kila mtu ana jina lake la kuwaita. Mimi niliona paa la nyumba ya Charo, kakake Kahindi, likiwaka. Kahindi naye aliliona. Charo alikuwa amerudi kuwafungulia mbuzi wake.

Barabara ilikuwa yao. Tukaingia porini kuelekea Adu, watu watatu, mimi, Salma na Kahindi, ambaye mkewe na watoto walikuwa matangani Ganze, alhamdulillahi.

Alasiri tulikutana na mtu. Alikuwa mzee mwembamba, kaptura imechanika, shoka dogo begani na mkoba wa ngozi, na mwili mzima unanuka moshi. Tulimuuliza anatoka wapi, akaonyesha kwa kidevu. Jina? Guyo. Akamtazama Salma, akaitazama chupa yangu, kisha akageuka kule alikotoka, akaanza kutembea nasi bila kualikwa. Mimi hilo sikulipenda hata kidogo. Na ule moshi nao, nilijiuliza, ni wa nyumba ya nani?

Tulilala kichakani. Asubuhi yake Guyo alisogea kando, akaweka ngumi mdomoni, akapiga mluzi mrefu, mkali. Akanyamaza, akasikiliza. Akapiga tena.

Kitu kikamjibu kutoka mitini.

Kwetu mluzi ni haramu ya nyumbani. Ukipiga mluzi unaita nyoka, unaita majini. Mamangu angekuzaba kofi la mdomo kabla hujamaliza. Na huyu anapiga mluzi porini, watu wenye bunduki wako nyuma yetu!

"Huyu ni wao," nilimwambia Kahindi. "Anawaita."

Mimi ndiye niliyesema. Kahindi alimwekea panga shingoni tu.

"Namwita ndege," Guyo akasema.

"Ndege! Kamdanganye mwingine."

Nikavua leso, nikamfunga mikono mwenyewe. Nilifunga fundo la baba, la baharini, lile ambalo ukilivuta ndipo linapozidi kukaza. Guyo hakushindana nami. Alikuwa anaangalia vidole vyangu.

Kufika adhuhuri maji yalikwisha.

Salma alikuwa akilia tangu alfajiri. Sasa akaacha.

Nilimpapasa mdomo, mkavu. Nikamwita, akafumbua macho, akayafumba. Hakuniomba maji tena.

Nikambeba mgongoni, Guyo akitufuata nyuma. Nikasikia kisauti: "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Sisi watu wazima tulikuwa tumetembea na mtu huyo siku nzima, hakuna hata mmoja aliyemsalimu. Niliona haya. Lakini sikumfungua.

Guyo akasimama. "Mama, mtoto huyu hafiki Adu hivi. Nyuki hunywa maji kila siku, na ndege wangu anajua walipo. Nifungue nimtafute nyuki."

Kahindi alinitazama mimi, kwa sababu fundo lilikuwa langu. Nikalifungua.

"Ukikimbia nakukata," Kahindi akasema.

"Sikimbii."

Akapiga mluzi. Wallahi, akaja ndege! Mdogo, wa kijivu, hana hata uzuri, akalia kama kibiriti kinachotikiswa. Akaruka mti hadi mti, mzee nyuma yake, sisi nyuma ya mzee, hadi kwenye mti wenye pango na nyuki. Nilidhani atawafukiza. Alichuchumaa, akakinga macho kwa mkono, akawatazama wanavyoingia na kutoka.

"Hawa wanaenda maua," akasema. "Hawa wanaenda maji. Waone wanavyoruka chini chini."

Mimi niliona nyuki tu.

Tukawafuata hao wa chini chini hadi kwenye mto uliokauka. Penye kona, kivulini mwa jabali, nyuki walikuwa wametua juu ya mchanga. Guyo akachimba kwa mikono hadi kwapani. Yakaja maji, rangi ya chai ya maziwa. Akaniomba leso. Akaitandaza juu ya shimo, akaibonyeza, maji yakapenya safi kidogo, akamwinamisha Salma anyonye.

Ilikuwa leso ileile.

Salma akanywa. Akapaliwa. Akanywa tena, kisha akakunja uso.

"Mama, yana mchanga."

Nilicheka nikilia, kamasi na machozi pamoja. Mtoto wangu analalamika! Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Tuliporudi mtini Guyo alifukiza nyuki, akatoa asali, na kipande cha kwanza akampa ndege. Cha pili akampa Salma. Ndipo nilipojua moshi wa mwili wake ulikuwa wa nini.

Jua lilikuwa linazama tulipoziona nyumba za Adu. Guyo akasimama.

"Huingii?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naenda kule mlikotoka. Mamangu yuko kule."

Siku mbili alitembea nasi! Nami nilimfunga.

"Nisamehe, mzee wangu."

Alijisugua vifundo vya mikono. "Fundo lako zuri," akasema. "Siku moja utanifundisha." Akageuka, akaenda.

Charo alikutwa karibu na zizi, mlango uko wazi, mbuzi wote wametoka. Kahindi alimzika hapo hapo. Siku hizi analima Ganze, na hapendi mtu amtajie mbuzi. Sisi na mume wangu tulihamia Malindi, nauza mahamri nje ya nyumba. Duka siliwazi sana. Kilichoninyima usingizi kwa miezi ni yule mama wa Guyo, mtu nisiyemjua hata jina.

Hadi asubuhi moja Guyo akasimama mbele ya karai langu na dumu la asali. Sikumngoja hata asalimu.

"Mama yuko wapi?"

"Yupo. Nilimkuta kichakani, amekasirika nimechelewa."

Nilikaa chini, wateja wakinitazama. Mahamri mawili yaliungua.

Kisha nikaleta leso. Nilimfunga mikono tena, polepole, alivyotaka, aone kila mzunguko, na Salma akacheka. Nikamfungua. Halafu nikamnyoshea mikono yangu.

Alilikosea mara mbili. La tatu likashika. Nikakaa hivyo kidogo, kabla sijamwonyesha linavyofunguliwa.